Tangi ya Mama Riziki

Watoto wangu wa garaji, muntu akiwaletea tangi ya esansi, ile petroli ya gari, na kusema, "Musiogope, iko tupu," hapo njo muogope. Tangi yenye kujaa ikishika moto itawaka, na labda mutapata nafasi ya kukimbia. Tangi tupu haiwaki. Inapasuka. Esansi imeisha ndani, lakini pumzi yake imebaki, na pumzi ile njo inaua.

Maneno haya siyo yangu. Ni ya Papa Songolo, aliyenifundisha kazi hapa Kalemie, katika garaji yetu ya karibu na mto Lukuga. Yeye alifundishwa na mafundi wa reli, wakati fundi wa reli alikuwa anasalimiwa barabarani kama padri. Nilifanya kazi naye mpaka vichwa vyetu vyote viwili vikawa vyeupe. Sasa nimeacha kazi juu ya mikono kutetemeka. Inatetemeka tangu siku ya tangi ya Mama Riziki. Nilifikiri mushituko ule ungepita kama homa. Haukupita. Mpaka leo, muke wangu akiangusha kifuniko cha sufuria, mimi niko chini ya meza.

Nitawasimulia ninyi wavulana, na ninyi wasichana pia mulioanza kuvaa salopeti ya kazi, nafurahi sana kuwaona. Lakini kwanza muache niseme kidogo juu ya esansi, ili mujue kwamba hatukuwa wajinga.

Papa Songolo hakuwa muntu wa kucheza na moto. Siku moja shofere wa teksi aliingia kwetu na sigara mudomoni, tangi yake inavuja. Papa akapiga kelele, "Zima!" Yule akajibu, "Papa, inawaka kidogo tu." Inawaka kidogo tu! Papa alichukua ndoo ya maji ya kuoshea mikono na kuimwaga yote: sigara, shati, viatu na yule shofere mwenyewe. Halafu akamupa kitambaa ajipanguse, na akamutengenezea gari kwa upole kama vile hakukuwa na kitu. Huyo njo alikuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kama tangi ikianza kuvuja njiani, unachukua kipande cha sabuni kavu na kukisugua kwenye ufa mpaka ufa unywe sabuni. Esansi haiyeyushi sabuni. Utafika nyumbani. Lakini ukifika, utengeneze, usifanye sabuni kuwa ndoa.

Sasa Mama Riziki. Huyu alikuwa mama wa biashara, Mubembe kutoka upande wa kaskazini wa ziwa. Alianza kwa kubeba ndagala, wale dagaa wa ziwa, kichwani, halafu kwa mutumbwi, mpaka siku moja akapata kamyonete yake, gari ndogo ya mizigo, nyekundu, iliyokwisha kutumika na watu wengi mbele yake. Alikuwa anapakia ndagala kavu na mikebuka, samaki ya ziwa, ya chumvi, anapeleka Nyunzu, anarudi na muhogo na karanga. Shofere wake alikuwa kijana mumoja mwenye muke, jina lake Lumbu, mupole, mwenye kucheka haraka. Mama Riziki hakujua kuendesha, lakini alikuwa anakaa mbele kila safari na kumuambia Lumbu wapi kuna shimo.

Asubuhi ile waliingia kwetu, gari imezimwa na inasukumwa na vijana. Mama Riziki aliteremuka, kitambaa puani.

"Papa Songolo, gari yangu inanuka kama pampu ya esansi. Tangu Nyunzu inanuka. Lumbu anasema haoni tone hata moja."

"Ni kweli, Papa," Lumbu akasema. "Nililala chini ya gari, nikatazama. Ni kavu."

Papa akaniangalia, na mimi nikamuangalia. Tukaingia chini.

Hapa musikilize vizuri. Esansi ikivujia kwenye chuma cha moto, haidondoki, inakauka palepale. Unatafuta tone, na tone limekwisha kuwa hewa. Kitu cha kutafuta ni alama: rangi imebadilika, vumbi limeganda kama ramani, na ukigusa, kidole kinanuka. Tuliiona alama ile kwenye mushono wa tangi. Na pembeni yake, karibu kabisa, karibu mpaka kiganja cha mukono wangu hakikupita, ilikuwa eshapma, yaani bomba la kutolea moshi.

Eshapma ya gari iliyotoka Nyunzu inaweza kuchoma nyama. Ilikuwa imevunjika kishikio chake njiani, na muntu fulani alikuwa ameifunga na waya, akaivuta juu, kwenye tumbo la tangi. Moto wake ulikuwa umeyeyusha risasi iliyoziba mushono. Esansi ilikuwa inatoka juu ya chuma cha moto, barabara yote, na juu ya ile tangi walikuwa wamekaa abiria kwenye mifuko ya karanga. Wamama na watoto wachanga mugongoni. Wanaimba, bila shaka. Watu wa kamyonete wanapenda kuimba.

"Kuna bati ya kuzuia moto kati ya eshapma na tangi," Papa akasema chini kwa chini. "Iko wapi?"

Haikuwepo. Kulikuwa tu na matundu ya bulo, zile skrubu za kuishika. Tulifikiri imeanguka zamani.

Papa alipotoka chini alikwenda kumuambia Mama Riziki ukweli wote. Mama yule alikaa juu ya kiti chetu cha ubao, akashika kichwa. "Mungu wangu. Mutoto wa dada yangu alikuwa juu pale." Akarudia maneno yale mara nyingi, kama muntu anayepotea njia na kurudi palepale.

Tangi mupya haikupatikana mujini. Kuiagiza Kigoma au Lubumbashi kungechukua muda, na samaki yake ilikuwa inangojea kwenye depo. Papa akasema, "Tutaitosha chini ya gari, tutaiosha, tutaiziba. Halafu tutarudisha eshapma mahali pake."

Tulifanya kila kitu kama inavyotakiwa, na nataka mujue hivyo. Tuliondoa bateri kwanza. Tulimwaga esansi yote ndani ya bido, dumu la plastiki, na kulipeleka mbali, ng'ambo ya ukuta. Tuliosha tangi na maji ya moto na sabuni ya unga, tukatia munyororo mudogo ndani, tukaitikisa mimi na Lumbu kama wanawake wanaopepeta muchele, tukamwaga, tukaosha tena, tukamwaga, tena. Tuliiacha juani, mudomo wake unatazama upepo wa ziwa. Papa akaweka pua, akanipa na mimi niweke. Hakuna harufu. Halafu akaijaza maji mpaka karibu na pale penye ufa, ili pumzi yoyote iliyojificha ikose pa kukaa. Watoto, mimi nimeona watu wa garaji zingine wanachomelea tangi kwa kuitemea mate na kuomba. Sisi hatukufanya hivyo.

Tuligonga pia. Unagonga na kidole ili kusikia bati ikoje. Lakini upande wa chini wote ulikuwa umepakwa gudro, ile nyeusi ya barabara, nene, ya miaka. Gudro inakula sauti. Tulisikia "tu, tu," tukasema ni maji ya ndani.

Papa akawasha shalimo, ule moto wa kuchomelea, akavaa miwani yake ya kazi. Halafu akafanya kitu alichokuwa anafanya siku zote, hata kwa kazi ndogo, mpaka sisi tulikuwa tunamucheka. Alizima moto tena, akageuka, akasema, "Wote munitokee hapa."

"Papa, niko nashika tangi," nikasema.

"Jiwe litaishika. Kyungu, nenda nyuma ya ukuta. Lumbu, nenda naye. Mama, na wewe utoke kwenye kiti kile."

Mama Riziki hakupenda. "Tangi ni yangu, nataka kuona."

"Utaiona ikipona. Toka, mama yangu."

Akasimama, analalamika, akaja kwetu nyuma ya ukuta. Alikuwa amefua kitenge chake pale kwenye robine ya maji, kwa sababu kilikuwa na esansi, na alikuwa bado anakikamua. Nakumbuka maji yanaanguka kwenye viatu vyangu na nilitaka kumuambia asogee. Nikasikia shalimo inawaka tena, ile sauti ya kupuliza. Nikasikia Papa anaimba kidogo, wimbo wa kanisa, kama kawaida yake.

Halafu dunia ikapiga kofi.

Siwezi kusema ilikuwa sauti. Ilikuwa kofi, kifuani na masikioni. Vumbi la ukuta likatuangukia. Nilifungua mudomo kuita na sikujisikia mwenyewe. Nilipotokeza kichwa niliona moto unatembea juu ya maji kwenye sakafu, unatembea kweli, kama kitu chenye miguu. Na Papa Songolo amekaa chini, miguu yake imenyooka mbele kama mutoto anayecheza, na kichwa chake kinawaka.

Mimi sikutembea. Nasema ukweli, miguu ilinikatalia. Aliyetembea ni Mama Riziki. Alipita mbele yangu na kitenge kile cha maji, akaruka moto, akakitupa juu ya kichwa cha Papa na kukikumbatia na mikono yake yote miwili, anamushindilia kifuani mwake kama anamunyonyesha. Alikuwa anapiga kelele, lakini sikusikia maneno. Hapo ndipo miguu yangu ilirudi. Nikachukua muchanga, Lumbu akachukua gunia, tukazima sakafu.

Ambulansi tungeingojea mpaka kesho. Tulimupandisha juu ya pikipiki ya kijana mumoja wa kubeba abiria, Papa katikati, Mama Riziki nyuma anamushika, kitenge bado kichwani. Walipokwenda, niligeuka kuangalia garaji. Kiti cha ubao, kile Mama Riziki alichokatazwa kukaa, kilikuwa vipande viwili. Kipande cha bati chenye upana wa sahani ya bugali kilikuwa kimesimama ndani ya ukuta nyuma ya kiti, kimechomeka kama kisu kwenye muhogo.

Lumbu alikiona pia. Akaanza kukusanya vipande vya kiti.

Kwenye hospitali walitufukuza mulangoni. Muganga akatuambia uso umeungua, mikono imeungua, masikio yote mawili yamepasuka ndani. Macho yalikuwa yamevimba mpaka hayaonekani, lakini alifikiri yatapona, juu kitenge chenye maji kilifika haraka. Wakamufunga kichwa chote kwa bendeji, kikabaki kipito cha pua na mudomo.

Mimi nilirudi garajini. Nilitaka kujua, juu bila kujua ningekuwa wazimu. Tulifanya yote. Kwa nini? Nilikwangua gudro kwenye ile tangi kwa patasi, pole pole, ndani ya pipa la maji, na Lumbu ananishikia. Chini ya gudro kulikuwa na mushono. Niliendelea kukwangua. Mushono ulizunguka. Halafu nikaelewa, na nikaketi chini.

Tangi ile ilikuwa na bati mbili chini. Zamani, mikononi mwa muntu hatutamujua kamwe, chini yake ilitoboka, na yule muntu hakuitengeneza. Alibandika bati nyingine juu ya ile mbovu, akachomelea pembeni, akapaka gudro ili isionekane. Esansi ilipita kwenye tundu la zamani, ikakaa katikati ya bati mbili kama maji ndani ya kidonda. Sabuni yetu haikufika pale. Upepo wa ziwa haukufika pale. Maji tuliyojaza yalikuwa upande mwingine wa ukuta. Tulinusa, na tulinusa chumba kingine.

Ndiyo maana nawaambia: kabla ya kitu chochote, mukwangue gudro yote mpaka muone chuma uchi. Mukikuta kiraka juu ya kiraka, muache. Musiikubali hata kwa mwenye kulia. Hiyo tangi ni ya kutupa, na kabla ya kuitupa muitoboe bila moto, ndani ya maji, ili mwingine asiiokote. Kwenye kiti cha ubao pale palikuwa na nafasi ya muntu.

Nilikuwa bado nimeketi chini wakati Lumbu aliposema, "Papa Kyungu, ile bati ya kuzuia moto."

"Bati gani?"

"Ile ya kati ya eshapma na tangi. Haikuanguka. Niliifungua na kuitosha mimi."

Nikaokota patasi.

"Mbabula ya muke wangu, lile jiko la makaa, ilitoboka. Nilitafuta bati ngumu yenye kuvumilia moto wa makaa, nikaona ile. Nilisema, gari inatembea tu, bati ile haifanyi kazi yoyote. Sikujua, Papa. Naapa sikujua."

Watoto wangu, muke wa Lumbu alikuwa anachoma mikebuka kwenye mulango wa garaji yetu. Kila muchana tulikula pale. Mimi mwenyewe nilimusifu, nikasema mbabula yake mupya inashika moto vizuri, samaki haigandi. Papa Songolo aliketi mbele ya mbabula ile na kuota mikono yake. Bati tuliyoitafuta chini ya gari ilikuwa inatupikia chakula, na sisi wote tulikuwa tunaitazama.

Sikumupiga Lumbu. Nilitaka. Nilisimama na nilikuwa na patasi mukononi, na nikaona jinsi midomo yake inavyotetemeka, nikaweka patasi chini. Nilimuambia tu, "Utamuambia Papa mwenyewe."

Mama Riziki akapata tangi nyingine kutoka gari iliyokufa kule kwenye kiwanja cha zamani cha wafanyabiashara Wagreki, safi, isiyo na gudro. Niliifunga mimi. Nilitengeneza bati mupya ya kuzuia moto na nikaiweka mahali pake, nikateremusha eshapma, nikaitia kishikio cha kweli. Halafu niliwasha gari, nikaiacha ingurume mpaka iwe ya moto kabisa, nikalala chini na kuweka mukono juu ya tangi. Baridi. Mufanye hivyo kila mara. Musiamini macho, muamini kiganja.

Lakini kule hospitali kulikuwa na jambo lingine, na hili njo sijazoea kulisimulia.

Papa Songolo alipoamuka, hakuweza kuona na hakuweza kusikia. Alikuwa ndani ya giza na kimya, peke yake. Na alikuwa anauliza. Alipiga kelele, juu hakujisikia, watu wa chumba chote waligeuka: "Nani alikuwa karibu? Nani alikuwa karibu nami?" Nikamujibu, "Hakuna, Papa, wote wako wazima!" Hakusikia. Nikamufinya bega. Akasema, "Munanificha. Nani amekufa? Ni ule mama? Ni Kyungu?" Wauguzi walimuletea uji, akausukuma. Wakaleta maji, akafunga meno. Siku ikapita, na nyingine ikafuata, na yeye anauliza tu, sauti inakauka. Muuguzi mumoja akaniambia, "Muzee akiendelea hivi bila kunywa, siyo moto utakaomuua."

Nilikwenda nje, nikazunguka ukuta wa hospitali kama mbwa. Ninamuambiaje muntu asiyeona na asiyesikia? Halafu nilitazama mukono wangu. Kidole gumba changu cha kuume hakina ukucha. Mashine iliuondoa nikiwa kijana, na Papa njo alinifunga damu siku ile.

Nilirudi na Mama Riziki na Lumbu. Mikono ya Papa ilikuwa imefungwa bendeji, lakini vidole vya mukono wa kushoto vilikuwa wazi. Nilichukua vidole vile nikaviweka juu ya gumba langu.

Alinyamaza. Akapapasa. Akapapasa tena pale pasipo ukucha.

"Kyungu," akasema. Kwa sauti ndogo sasa. "Kyungu, ni wewe."

Nilimuweka Mama Riziki mahali pangu. Papa akapapasa kiganja chake, kile kiganja kilichokatwa na chumvi na miiba.

"Huyu haiko fundi," akasema. "Huyu ni mama wa samaki." Na Mama Riziki, ambaye hakulia siku ya moto, akalia pale mpaka akaegemea kitanda.

"Na shofere?" Papa akauliza. "Kijana alikuwa nyuma ya ukuta. Shofere yuko wapi?"

Lumbu alikuwa amesimama mulangoni, nusu ndani, nusu nje. Nilimuita na macho. Alikuja pole pole, akapiga magoti, na kabla sijashika mukono wake alianza kusema, mbele ya chumba chote, machozi yanamuanguka: "Papa, ni mimi nilitosha ile bati. Ni mimi, Papa. Niliifanya mbabula. Unisamehe."

Papa hakusikia hata neno moja. Alikuwa amenyoosha vidole hewani, anatafuta. Lumbu akaweka mukono wake pale.

"Mukono laini," Papa akasema. "Huyu anashika volani ya gari tu, hashiki kazi." Akaupima, akaufinya. Halafu vidole vyake vikafika kwenye maji, juu machozi ya Lumbu yalikuwa yameanguka palepale. Vikasimama hapo. "Kwa nini unalia? Uko muzima, hapana?"

Lumbu alikuwa bado anasema. Anaomba na kuomba, na mimi nikamugusa bega ili anyamaze, lakini hakunyamaza.

"Basi, wote muko," Papa Songolo akasema, na kifua chake kikashuka kama muntu anayetua muzigo. "Sasa munipe ule uji."

Muuguzi akaleta kikombe. Lumbu njo alimushikia, kwa mikono yake miwili, mpaka kikaisha.